Dakika za Alhamisi: Wasifu wa Dada Yetu Mizani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho. Kikao cha familia kilinipa kazi hii Jumatano, kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na sauti inayofika nyuma. Mengine yangu hawakuyajua. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho. Wenye ratiba mkononi wanaweza kunifuata ukurasa wa tatu, maana kuna mahali nitasoma polepole.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Mei 1966, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alikuwa fundi viatu. Mama alikuwa na duka la rejareja kwenye chumba cha mbele cha nyumba, lenye mlango mmoja wa wateja na mwingine wa kwenda jikoni. Jina la Mizani alilipata dukani humo akiwa na miaka saba. Jiwe la nusu kilo lilikuwa limemeguka pembeni, na yeye, bila kutumwa na mtu, akalipima dhidi ya pakiti ya chumvi iliyofungwa kiwandani. Kisha akatangaza mbele ya wateja watatu: "Mama, jiwe letu linadanganya." Mama alimfinya mpaka akalia. Jioni yake jiwe lilitupwa, likanunuliwa jipya, na kuanzia siku ile wateja wakawa wanauliza kwanza kama Mizani yupo ndipo waagize mchele.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akamaliza 1979 akiwa wa kwanza darasani. Baada ya sekondari alisomea ufundi wa maabara, akatunukiwa stashahada mwaka 1989, kisha akarudi chuo kikuu akiwa mfanyakazi na kuhitimu shahada ya biokemia mwaka 1996. Shahada hiyo aliisomea akiwa mja mzito, na siku ya mtihani wa mwisho msimamizi alimwuliza kama anahitaji kiti cha ziada. Alijibu kwamba wanaofanya mtihani ni wawili lakini kiti kimoja kinawatosha.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele. Shemeji hupenda kusimulia kwamba alipokwenda kujieleza kwa wazee, dada alikuwa nyuma ya pazia akihesabu mara ngapi amesema neno "kwa kweli". Zilikuwa kumi na tisa. Walijaliwa mabinti wawili, mkubwa aliyezaliwa 1996 na mdogo aliyezaliwa 2000, na kwa miaka thelathini nyumba yao haikuwahi kusikika ikigombana nje ya ukuta wake.

Sasa nifike kwenye kazi yake.

Kati ya 2003 na 2005 dada alipelekwa ng'ambo kujifunza mashine iitwayo spektromita. Mwaka 2007 hospitali yetu kuu ilipata ya kwake, na dada akakabidhiwa. Mama, aliyekuwa bado hai, alimwuliza ni mashine ya nini. Dada akamjibu: "Ni duka tu, mama. Wananiletea kinyama kidogo kama punje ya mchele, kimetoka kwenye uvimbe wa titi. Nakisaga, natoa protini zake, nazikatakata vipande vipande. Mashine inapima uzito wa kila kipande, mmoja mmoja. Kwa ule uzito namjua mwenyewe ni protini gani, na najua yuko kiasi gani." Mama akasema, "Kumbe hujatoka dukani." Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Wenzake wa maabara wanamkumbuka kwa ukali mmoja. Ngozi ya mtu na nywele zake nazo ni protini, na zikidondokea kwenye sampuli mashine huzipima kama nyingine. Basi majibu yakitoka na protini ya ngozi ndani yake, dada alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Nani amejikuna?" Swali hilo alikuja nalo hadi nyumbani. Tukiwa mezani mtu akipeleka mkono kichwani, aliulizwa.

Mwaka 2008 ulianza utafiti mkubwa wa maisha yake. Wanawake mia moja na arobaini na wawili wenye saratani ya titi walitia sahihi kukubali kipande cha uvimbe wao kipimwe. Profesa aliyeongoza utafiti, ambaye yuko nasi hapa leo, alitaka kujua kama ipo protini inayoweza kusema mapema ni mgonjwa yupi anahitaji dawa kali na yupi hahitaji. Dada ndiye aliyesimamia sampuli na vipimo. Ilihitajika pia miguu ya kubeba sampuli kutoka chumba cha upasuaji, kwenye jengo la zamani, mpaka kwenye tangi la kugandishia, kwenye jengo jipya. Dada alikuwa na mdogo wake mwenye umri wa miaka ishirini na tisa asiye na kazi, mwenye maneno mengi. Akamwombea nafasi. Juni 2008 nikaanza kazi.

Kazi yenyewe mtoto wa darasa la nne angeiweza. Daktari wa upasuaji akishakata, nesi ananipa kichupa. Naandika kwenye fomu saa ya kukatwa. Natembea haraka, navuka ua, napanda ngazi, natumbukiza kichupa kwenye tangi, naandika saa ya kugandishwa. Sharti lilikuwa isizidi robo saa. Dada alinieleza sababu siku ya kwanza, taratibu, kama anayemweleza mtu mwenye akili. Kipande kikishatengwa na damu bado ki hai. Kinaanza kuhangaika, na baadhi ya protini zake zinapanda na nyingine zinashuka, dakika kwa dakika. "Ukichelewa," alisema, "nitapima mahangaiko ya njiani badala ya ugonjwa. Na mashine haitaniambia. Yenyewe inapima tu ilicholetewa." Nikamwambia nimeelewa.

Nilielewa kweli. Hilo ndilo linaloniondolea kisingizio.

Alhamisi ilikuwa siku ya upasuaji mkubwa, wa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Alhamisi nyingine hakukuwa na mgonjwa wa utafiti wetu, nyingine walikuwa wanne, watano kwa siku moja. Alhamisi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa zamu ya asubuhi ya msichana mmoja wa kantini, na kantini ilikuwa katikati ya ua. Nilijiona mjanja. Kwa nini nipande ngazi mara tano? Nikawa nakusanya vichupa viwili vitatu kwenye sanduku la barafu, naweka sanduku chini ya meza, nakaa na chai yangu, napiga soga. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kama vile vitu haviharibiki. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, na kantini nzima ikacheka. Kisha nilipofika kwenye tangi niliandika dakika kumi na mbili. Kila fomu ya Alhamisi, miaka minne, dakika kumi na mbili. Hata uongo wenyewe niliufanyia uvivu, sikuubadilisha hata mara moja.

Yule msichana wa kantini ndiye mke wangu, amekaa safu ya pili. Yeye hakujua lolote. Alidhani ninakunywa chai kwa sababu kazi imekwisha. Dada alisimama kwenye harusi yetu mwaka 2011 akawaambia watu kwamba mdogo wake ametulia, na sababu ni kazi. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Mwaka 2013 matokeo yakatangazwa. Protini moja ilikuwa juu sana kwa wanawake ambao ugonjwa wao ulikuwa umefika mbali, na chini kwa wengine. Dada alialikwa kusimama mbele ya wataalamu. Aliporudi, mtaa ulimpokea kama aliyeshinda uchaguzi. Mwaka uliofuata maabara ya nchi nyingine ikarudia kipimo hicho kwa sampuli zake yenyewe, na ile protini haikuonekana kupanda. Ikarudia tena, ikakosa tena. Profesa akaagiza kila kitu kikaguliwe: mashine, kemikali, maji, hesabu. Wiki nyingi walitafuta, na kikulacho ki nguoni mwako. Mashine ilikuwa sawa. Wanawake wa Alhamisi walikuwa na protini nyingi kwa sababu nyama yao ilikaa chini ya meza ya kantini. Dada alikuwa amepima uzembe wangu, na aliupima vizuri sana.

Jumapili tarehe 9 Novemba 2014 alikuja kwangu mchana. Mke wangu alikuwa na mtoto wetu wa pili wa wiki tatu. Dada alimbeba mtoto, akamsifia masikio, akamrudisha, kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti: "Mdogo wangu, zile sampuli za Alhamisi ulikuwa unazifikisha kwa wakati?"

Nikasema, "Tena mbio, dada. Si uliniona?"

Akanitazama. Akasema, "Sawa." Akamimina chai, tukaongea habari za paa linalovuja. Alipoondoka nilimshukuru Mungu. Ndivyo nilivyokuwa, na sipambi.

Tarehe 18 Februari 2015 dada aliandika barua ya kuyaondoa matokeo yale. Ndani yake alisema kosa ni la usimamizi wa sampuli, msimamizi ni yeye, na hakuna mwingine wa kuulizwa. Akavuliwa uongozi wa maabara. Miezi miwili baadaye alihamishiwa zahanati ya manispaa, akawa anapima sukari na mkojo kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama choo cha wagonjwa, mpaka alipostaafu mwaka 2021. Mimi nilibaki hospitali kuu. Mwaka 2016 nilipandishwa cheo, nikawa msimamizi wa wabeba sampuli. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapewi ofisi.

Watu walisema amepika matokeo. Kwenye sherehe moja ya familia mjomba wetu mmoja, alipoletewa sahani, alimwita dada na kumwuliza kama hiki nacho amekipika yeye. Meza nzima ilicheka. Dada aliendelea kugawa sahani. Nilikuwepo mezani pale, na nilicheka. Nimefanya mabaya mengi, ila nikilala ni kicheko kile ninachokisikia.

Binti yake mkubwa wakati huo alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, akisomea biokemia kama mama yake. Wenzake walimcheka. Akaacha, akahamia sheria. Alimwandikia mama yake kwamba hawezi kubeba jina la mtu aliyewadanganya wagonjwa, na miaka miwili hakukanyaga nyumbani. Walikuja kupatana, lakini yapo mambo ambayo mama na binti hawakuyagusa tena. Dada angeweza kuyamaliza kwa kutaja jina moja. Hakulitaja, hata kwa mumewe.

Dada aligunduliwa ugonjwa wa figo mwezi Machi 2022. Alianza kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, na mimi ndiye niliyempeleka. Nilijiambia kwamba ninalipa kidogo kidogo. Alikuwa mgonjwa mwenye mzaha. Aliwauliza manesi mashine imepimwa usahihi wake lini, na asipopewa tarehe hakulala mpaka aletewe. Saa nne kila safari, mara mbili kwa wiki, miaka mitatu na nusu, nilikaa kwenye kiti pembeni yake. Nafasi ya kusema ilikuwepo tele. Mwezi wa nane mwaka huu, akiwa amechoka sana, alifumbua macho akasema, "Wewe huna la kuniambia?"

Nikamwambia, "Niseme nini tena, dada? Wewe pumzika."

Akasema, "Haya." Akageukia ukutani.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, shemeji akimshika mkono. Mimi nilikuwa chini natafuta mahali pa kuegesha gari.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi kilio kimeniumbua hivi. Jumatano, baada ya kikao kunipa kazi hii, nilikwenda kwenye kabati la dada kutafuta vyeti, ili tarehe mnazozisikia ziwe sahihi. Chini ya vyeti palikuwa na faili la bluu. Ndani yake dada alikuwa ameandika kwa mkono wake safu tatu. Ya kwanza ni saa za kukatwa na kutoka kwa kila sampuli, kama zilivyoandikwa na nesi kwenye daftari la chumba cha upasuaji pamoja na saa inayojiandika yenyewe kila kifuniko cha tangi kinapofunguliwa. Mimi sikuwahi kujua kwamba tangi lile lina saa. Ya pili ni dakika zangu: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, mistari hamsini na minane. Ya tatu, kwa kalamu nyekundu, ni dakika za kweli. Iliyokuwa fupi ni thelathini na moja. Iliyokuwa ndefu ni saa moja na dakika arobaini. Chini kabisa ameandika tarehe: 7 Novemba 2014.

Hiyo ni siku mbili kabla hajaja kwangu kumbeba mtoto. Alipouliza, alikuwa anajua. Kisha akakaa miezi mitatu na siku tisa kabla ya kuandika ile barua, na miezi ile yote alikuwa akinisubiri.

Kwa nini alinifichia? Pengine ni yule mtoto wa wiki tatu. Pengine aliona yeye ana mahali pa kuangukia na mimi sina. Sijui, na sitamsemea, kwa sababu niliyekuwa na haki ya kumwuliza ni mimi na sikumwuliza.

Alhamisi nilimwonyesha kaka yetu mkubwa lile faili. Alilisoma lote, akalifunga, akasema, "Mazishi si mahakama. Soma tarehe, taja watoto, kaa chini. Aibu hii ni ya ukoo mzima." Ninamheshimu kaka, na hapa mbele ya watu namwomba radhi kwa kumkaidi. Nilipeleka maandishi haya kuchapwa kama yalivyo. Mchapaji alinipigia simu jana asubuhi: "Mzee, samahani, hapa katikati naona kuna maneno ya mtu binafsi. Yameingia kwa bahati mbaya?" Nikamwambia hayakuingia kwa bahati mbaya, achape.

Jana mchana nilimwita binti mkubwa pembeni, nyuma ya maturubai, nikampa faili. Sikutaka alisikie hapa kwa mara ya kwanza. Alisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mama alijua tangu lini?" Nikamwonyesha tarehe. Nilitarajia anipige, na ningeshukuru. Alinirudishia faili, akasema, "Kesho usome kwa sauti, mjomba. Watu wa nyuma nao wasikie." Ndiyo maana nasoma hivi.

Profesa, hapa mkononi nina bahasha. Ndani yake kuna nakala ya safu zile tatu, na barua yangu niliyoitia sahihi, inayoeleza nilichofanya, siku kwa siku. Naomba ipelekwe popote ile barua ya dada ilikopelekwa. Nimeandika pia barua ya kuacha kazi. Kwa wanawake wale mia moja na arobaini na wawili, ambao baadhi yao wametangulia, na kwa watoto wao ambao huenda wako hapa: mlitoa kipande cha mwili wenu au wa mama yenu, nami nikakiweka chini ya meza. Dada yangu hakuwadanganya. Alichopewa alikipima kwa haki.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa kike wa miaka mitatu, kaka mmoja, dada mmoja, na mimi.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya wasifu msomaji atoe shukrani kwa niaba ya familia. Shukrani atazitoa kaka. Mimi ninayo radhi ya kuomba, na wa kunipa ndiye huyu tunayemzika. Dada, hukukosea wewe. Nilikosea mimi. Ilikuwa sentensi fupi hivyo, na umeisubiri miaka kumi na mmoja.

Apewe sasa amani ambayo mdogo wake alimnyima.